Nalinda usiku, mchana nipo kwenye bodaboda: nipumzike saa ngapi?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 38, naishi Mbagala, Dar es Salaam. Ni mlinzi wa ghala Kurasini. Naingia saa 12 jioni natoka saa 12 asubuhi, siku sita kwa wiki. Nikitoka lindo nakaa kwenye bodaboda mpaka saa 7 mchana, maana mshahara hautoshi na nina watoto watatu. Nalala kuanzia saa 8 mchana mpaka saa 10 na nusu jioni, basi. Siku ya kupumzika napiga bodaboda kutwa. Huu ni mwaka wa tatu na nimeshazoea. Ila siku hizi kichwa kinauma, nasahau vitu, nagombana na watoto kwa jambo dogo, na juzi duka la dawa wamenipima presha wakakuta 152/96. Wenzangu wanatumia mirungi na vile vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu. Mke wangu, ambaye anauza vitumbua na anaamka saa 9 usiku, ananiambia nipumzike, lakini mwanaume akionekana amelala mchana mtaani wanamwita mvivu. Kupumzika kuna umuhimu gani hasa kwa mtu kama mimi, na nitapumzika vipi na maisha haya?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu, na hongera kwa kuuliza kabla mwili haujakulaza kwa nguvu. Katika yote uliyoandika, presha haikunishtua sana, presha tutaishughulikia. Kilichonishtua ni kusema umeshazoea. Hapo ndipo watu wengi wa kazi za usiku wanapopotea, na ndipo nitakapoanzia.

Mwaka 2003, watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwaweka watu wazima wenye afya njema maabara kwa siku 14. Kundi moja liliruhusiwa kulala kwa muda wa saa 8 kila usiku, jingine saa 6, jingine saa 4. Kila siku walipimwa umakini na kumbukumbu. Waliolala saa 6 au pungufu waliporomoka siku hadi siku, mpaka wakafikia hali ya mtu aliyekesha hadi siku mbili mfululizo. Lakini walipoulizwa wanajisikiaje, walijibu kwamba wana usingizi kidogo tu. Siku chache za mwanzo walijisikia vibaya, kisha ile hisia ya usingizi ikatulia, huku makosa yao yakizidi kupanda. Mtu alikuwa anaharibikiwa wala hajui.

Hiyo ndiyo hali unayoiita kuzoea. Wale walikuwa na saa 6 na saa 4. Wewe una saa mbili na nusu, mwaka wa tatu. Kilichozoea ni hisia peke yake. Moyo, ubongo na mishipa ya damu bado vinadai, na kuumwa kichwa, kusahau na hasira ndiyo namna vinavyodai. Kwa hiyo kuanzia leo usijipime tena kwa jinsi unavyojisikia. Jipime kwa saa ulizolala, uzihesabu kama unavyohesabu hela.

Sasa tuhesabu pamoja. Unaamka saa 10 na nusu jioni. Ukifika saa 3 na nusu asubuhi, umeshakaa macho saa 17. Mwaka 1997, watafiti wa Australia walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya makosa sawa na mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu, kiwango ambacho nchi kadhaa humkataza dereva kukivuka. Akifika saa 24 ni kama ana asilimia 0.10. Na wale wa utafiti hawakuwa na miaka mitatu ya kukosa usingizi nyuma yao. Wewe saa 3 na nusu asubuhi upo barabara ya Kilwa na abiria nyuma, pengine mama na mtoto wake, na bado una saa tatu na nusu mbele yako.

Nimewahi kumhudumia mlinzi mwenzako aliyeanguka na pikipiki akitoka lindo. Barabara kavu, hakugongwa na mtu, hakuwa amekunywa chochote. Alichokumbuka ni kituo cha daladala mbele yake, kisha mchanga mdomoni. Ubongo uliokosa usingizi hujizima wenyewe kwa sekunde chache, wakati mwingine macho yakiwa wazi kabisa. Pikipiki inayokwenda kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kila sekunde; sekunde tatu tu ni zaidi ya mita 40 zisizo na dereva. Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza, na wenye uzito kuliko mengine yote nitakayoandika, ni huu: acha bodaboda ya asubuhi. Pikipiki ibaki nyumbani, uende na kurudi lindo kwa daladala. Habari ya kipato nitaifikia, sijaisahau.

Umeuliza umuhimu wa kupumzika. Nianze na presha yako, kwa kuwa ndiyo iliyokuleta. Mtu akilala usiku, presha yake hushuka kwa asilimia 10 hadi 20 ukilinganisha na anapokuwa macho. Mapigo ya moyo yanapungua, homoni za kuhangaika zinashuka, mishipa inalegea. Hizo saa za kushuka ndizo likizo ya moyo, kila siku. Anayelala saa mbili na nusu anaunyima moyo wake karibu likizo yote, na baada ya muda presha inabaki juu hata pale inapopaswa kushuka. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa takwimu mwaka 2021: anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari kubwa zaidi ya kupata kiharusi, kwa asilimia 35, na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo, kwa asilimia 17, kuliko anayefanya saa 35 hadi 40. Kwako lindo peke yake ni saa 72, kabla hujawasha pikipiki.

Sukari nayo inaguswa. Mwaka 1999, watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwalaza vijana wa kiume wenye afya saa 4 tu kwa usiku sita, na uwezo wa miili yao kuondoa sukari kwenye damu ukashuka waziwazi. Wiki moja tu hiyo. Aliyekosa usingizi pia huona njaa zaidi, na hasa hutamani vitamu na vya mafuta, ndiyo maana ukitoka lindo mkono unaenda kwenye soda na chipsi kabla ya kitu kingine. Kinga ya mwili nayo inalegea: mwaka 2009 watafiti waliwadondoshea watu virusi vya mafua puani, na waliokuwa wakilala chini ya saa 7 waliugua karibu mara tatu zaidi ya waliolala saa 8 na kuendelea.

Lakini nataka nikae zaidi kwenye hasira, maana naona ndiyo inayokuuma kuliko presha, hata kama umeitaja kwa maneno machache. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo amigdala, inayoshughulika na hofu na hasira. Sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo inayoituliza, ndiyo inayokwambia "ni mtoto huyu, kamwaga maji tu." Mwaka 2007, watafiti walipiga picha ubongo wa watu waliokesha na kuwaonyesha picha za kuudhi. Amigdala zao ziliitikia kwa nguvu zaidi kwa asilimia 60 kuliko za waliolala, na mawasiliano na ile sehemu ya mbele yalikuwa yamelegea. Kwa hiyo mtoto akimwaga maji na wewe ukalipuka, usijihukumu kwamba umekuwa baba mbaya. Umekuwa baba ambaye hajalala. Hata hivyo mtoto hajui hayo, yeye anaona baba tu. Ongea nao. Waambie, "baba alikuwa amechoka, haikuwa haki kukufokea vile." Watoto wanaelewa kuliko tunavyodhani, na wewe mwenyewe utashusha mzigo.

Kusahau nako kuna maelezo. Unapolala, ubongo hupitia yale uliyoyapata mchana na kuyaweka mahali pake. Usingizi huja kwa mizunguko ya dakika kama 90. Sehemu kubwa ya usingizi mzito huja mapema, na sehemu kubwa ya usingizi wa ndoto huja mizunguko ya mwisho. Ukilala saa mbili na nusu, unaondoka kabla ile ya mwisho haijafika, nayo ndiyo yenye kazi kubwa ya kutuliza mambo yaliyokugusa moyo. Ukikatisha kila siku, yanarundikana.

Sasa tuje kwenye namna ya kufanya. Mwili wa binadamu una saa yake ndani ya ubongo, inayoongozwa na mwanga unaoingia machoni. Wanasayansi watatu wa Marekani walipata tuzo ya Nobel mwaka 2017 kwa kueleza jinsi saa hiyo inavyofanya kazi ndani ya seli. Saa hiyo hukupeleka chini kabisa kati ya saa 9 usiku na saa 11 alfajiri, na asubuhi jua likichomoza hukuinua, utake usitake. Ndiyo maana mtu wa zamu ya usiku akilala mchana, usingizi wake hupungua kwa saa 1 hadi 4 ukilinganisha na wa usiku. Kila nusu saa unayochelewa kulala asubuhi, mwili unazidi kuamka. Wewe unasubiri mpaka saa 8 mchana, wakati chumba cha bati hakilaliki kwa joto. Umejipangia saa ngumu.

Lala saa 2 asubuhi. Ukitoka lindo vaa kofia yenye ukingo au miwani ya jua, ili mwanga wa asubuhi usikuamshe njiani. Ukifika, kunywa uji au kula kitu chepesi, oga maji ya kawaida, ingia kitandani. Lengo ni kulala mpaka saa 8 mchana, yaani saa sita. Wiki ya kwanza pengine utazinduka saa 5 ukadhani umemaliza. Usiinuke. Baki gizani umefumba macho, simu iwe mbali; mwili unajifunza polepole.

Chumba kina kazi yake. Ziba dirisha kwa blanketi zito au maboksi yaliyobandikwa kwa gundi ya karatasi, giza liwe kiasi kwamba huoni vidole vyako vizuri. Acha upenyo juu wa hewa. Kama una feni, ielekeze ukutani hewa izunguke, na mngurumo wake utafunika kelele za nje. Umeme ukikatika, tandika godoro sakafuni. Saruji ni baridi kuliko kitanda kilicho karibu na bati, na kanga iliyoloweshwa ukaikamua vizuri, ukajifunika kifuani, hupunguza joto kweli. Chandarua shusha hata mchana: mbu wa dengue huuma mchana, na Dar imeshapata milipuko ya ugonjwa huo mwaka 2014 na 2019.

Halafu kelele, na hapa unamhitaji mama watoto. Mkubaliane jambo moja lijulikane na kila mtu nyumbani: kuanzia saa 2 hadi saa 8, baba yupo kazini. Anayekuja kudai, anayetaka kuazima pampu, shemeji aliyepita kusalimia, wote waambiwe hivyo. Si uongo. Kulala kwako ndiko kunakolinda lindo la usiku. Na jirani atakayesema wewe mvivu, mwambie unalala saa sita tu, pungufu ya yeye anavyolala usiku.

Naomba kuuliza nawe: mke wako anapumzika saa ngapi? Anayeamka saa 9 usiku kukoroga unga wa vitumbua, akauza mpaka asubuhi, kisha akashika nyumba na watoto watatu, naye yupo kwenye deni la usingizi kama wewe, ila hajaandika kwangu. Wazee wa pwani walikuwa na kailula, lepe la adhuhuri, na ni desturi nzuri ambayo mjini tumeiacha bila sababu. Ukiamka saa 8, mwachie yeye kitanda kile, gizani humohumo, wewe ukae na watoto mpaka saa 9 na nusu. Siku tatu za wiki fanyeni hivyo. Siku nyingine tatu, tumia muda huo kwenye bodaboda, kuanzia saa 8 na nusu hadi saa 10, ukiwa umelala, macho yako meupe. Wanafunzi wanatoka shule na watu wanaanza kurudi, wateja wapo. Kisha jilaze hata dakika 20 kabla ya kuondoka saa 11. Lepe la kabla ya zamu limeonyeshwa kwenye tafiti nyingi kwamba hupunguza kusinzia alfajiri.

Najua hapa utasema, daktari, umenikata nusu ya hela. Ni kweli, na siwezi kujifanya pengo hilo halipo. Lakini toa kwanza mafuta, hesabu ya mwenye pikipiki kama si yako, matengenezo na chakula cha njiani, uone asubuhi zako zinakuachia nini mkononi. Kisha angalia upande wa pili, ambao walinzi wengi hawauangalii: sheria.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida ni zisizozidi 45 kwa wiki na 9 kwa siku. Zinazozidi ni saa za ziada, zilipwe si chini ya mara moja na nusu, na zisivuke 50 ndani ya wiki nne. Kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Kuna haki ya mapumziko ya dakika 60 ukifanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo, saa 12 za kupumzika kati ya siku na siku, saa 24 kwa wiki, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Hata ukitoa saa moja ya mapumziko kila zamu, bado una saa 66 kwa wiki. Saa za ziada kwa wiki nne ni 84. Chukua mkataba wako na karatasi za mshahara, uone kama hizo 84 zinaonekana popote. Kama hazionekani, ongea na chama cha wafanyakazi au afisa kazi, na kama haipatikani suluhu ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Ukiweza, nendeni walinzi kadhaa pamoja. Ni rahisi kumnyima mtu mmoja. Pengine hela unayoifukuzia kwenye pikipiki asubuhi unaidai tayari pale getini.

Kuhusu mirungi, usiiguse. Kilichomo ndani yake, kathinoni, kinafanana kazi na amfetamini: kinapandisha presha na mapigo ya moyo, na wewe tayari una 152/96. Isitoshe Tanzania ni dawa iliyopigwa marufuku, na mlinzi akikamatwa nayo kazi imekwisha. Vinywaji vya kopo vina kafeini na sukari nyingi. Kafeini haikupi nguvu yoyote, inaziba tu ule mlango ambao uchovu hupitia kuujulisha ubongo. Ikiisha, unaukuta uchovu wote unakusubiri. Nusu ya kafeini hubaki mwilini baada ya saa kama tano, kwa hiyo kikombe cha saa 11 alfajiri kinakunyang'anya usingizi wa saa 2. Kahawa chungu ya kijiweni na kashata siwezi kukunyima: kikombe kimoja au viwili mwanzoni mwa zamu, cha mwisho kabla ya saa 6 usiku. Baada ya hapo tembea, zunguka ghala, nawa uso, kunywa maji.

Na usinunue usingizi. Nawaona wengi wanaomeza Piriton au vidonge vya usingizi vya duka la dawa, na wengine hupiga bia mbili asubuhi ili walale. Pombe hukupoteza haraka, kisha huukatakata usingizi na kuula ule wa ndoto. Vidonge vya usingizi vikitumiwa ovyo, mwili huvitegemea ukashindwa kulala bila hivyo.

Kuna aina nyingine ya kuchoka ambayo kitanda peke yake hakiiondoi. Mtu anaweza kulala chali saa nzima huku kichwani anahesabu ada, kodi ya nyumba na deni la dukani. Au yupo kitandani, lakini akili ipo kwenye mkeka wa kubeti, anasubiri bao la dakika za mwisho. Mwili umelala, moyo unakimbia. Kubeti nakusihi uache kabisa saa za kulala, na kama unaweza, uache moja kwa moja. Linaloitwa burudani hapo ni mahangaiko ya hela uliyoitolea jasho. Kuhusu madeni na ada, tumia daftari. Dakika tano kabla ya kulala andika yote yanayokusumbua na hatua moja utakayochukua kesho kwa kila moja: "ada ya wa pili, nimwone mwalimu Jumatatu." Utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba walioandika orodha ya mambo ya kufanya walipata usingizi mapema kuliko walioandika waliyokwisha kuyafanya. Kwa walinzi ninaowaona, daftari husaidia kuliko maneno yangu mengi.

Siku yako ya kupumzika kila wiki, iache iwe ya kupumzika kweli. Lala usiku, usiamke alfajiri bila sababu. Nenda ibadani, kama ndiyo desturi yenu. Kaa barazani na watoto, wanyoe nywele, watembeze wakaone bahari. Mbagala si mbali na bahari. Muda usio na hesabu yoyote ni tiba, na watoto wako wamekukosa miaka mitatu.

Mwisho, mambo ya hospitali. Kipimo kimoja cha presha hakitoshi kusema una ugonjwa. Tunataka 140/90 au zaidi katika siku mbili tofauti. Lakini 152/96 si ya kupuuza, nenda kituo cha afya wiki hii. Mwambie daktari kwamba unafanya kazi usiku, na nenda siku uliyolala, ukae umetulia dakika tano kabla ya kupimwa, kwa kuwa kipimo cha mtu aliyetoka kukesha hupanda chenyewe. Ukipewa dawa, meza kila siku. Usingizi utasaidia dawa lakini hauchukui nafasi yake. Omba pia wapime sukari na wingi wa damu. Muulize mkeo kama unakoroma sana na kukata pumzi usingizini, maana huo ni ugonjwa unaopandisha presha na una matibabu. Kama baada ya wiki tatu za kulala saa sita bado unaamka umechoka, kuna kitu kingine cha kutafuta: upungufu wa damu, kifua kikuu, tezi ya shingo, au sonona. Sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, ni ugonjwa kama magonjwa mengine, na hutibika. Likikujia wazo kwamba ni afadhali usiwepo, usisubiri wiki tatu wala siku tatu. Mwambie mke wako saa hiyohiyo, na mwende hospitali pamoja.

Kichwa kikiuma ghafla kwa nguvu ambayo hujawahi kuipata, mdomo ukapinda, mkono au mguu ukapoteza nguvu, au kifua kikabana, hiyo ni dharura hata kama ni katikati ya zamu. Mpe mwenzako wa lindo namba ya mke wako leo, na umwambie dalili hizi, ili usiku huo ajue la kufanya.